Lamu Haiendi kwa Saa ya Mkononi

Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wanaopanga safari ya pamoja ya likizo ya Desemba. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Bwana Mwenyekiti, walimu wetu, wageni waalikwa: asalaam aleikum. Na kwa wote, hamjambo?

Nimeombwa niwape sababu za kwenda Lamu badala ya kurudi kule mnakorudi kila mwaka. Kabla sijasimama nimesikia mnavyonong'onezana. Bahari si ni ile ile? Mchanga si ni ule ule? Mnazi wa Diani una tofauti gani na mnazi wa Shela, kule Lamu?

Hauna. Mnazi ni mnazi. Kama mnachotaka ni mnazi, kiti cha kulalia na soda baridi, basi nawasihi msiende Lamu. Ni mbali, na mtanung'unika njia nzima. Lamu watu huifuata kwa sababu ya mji wenyewe. Mji ambao watu wameishi ndani yake bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700, na UNESCO ikautia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mtaniambia Gedi, ule mji wa magofu, nayo imo. Kweli, imeingia 2024. Lakini Gedi ukifika unapokewa na kuta, miti na kima. Lamu ukifika, mtu anafungua mlango na kusema karibu.

Sasa sikilizeni jambo moja, na mkisahau mengine yote hili msilisahau. Mji huu una saa yake, na saa hiyo haiko mkononi mwako. Iko baharini, iko kwenye mwezi, iko kwenye adhana. Mgeni anayekataa kuifuata hurudi akisema Lamu ni mji wa kukera. Anayeikubali hurudi akitafuta kiwanja.

Nianze na bahari.

Yapata 1813, majeshi ya Mazrui, watawala wa Mombasa, wakishirikiana na watu wa kisiwa cha Pate, yalikuja kuiteka Lamu. Wakashukia Shela, wakaacha vyombo vyao ufukweni, wakaingia vitani. Watu wa Lamu wakasimama imara na vita vikawageukia wavamizi. Wakarudi mbio kwenye vyombo vyao. Vyombo viko wapi? Viko pale pale walipoviacha. Na maji yako wapi? Maji yametoka. Majahazi yamelala ubavu mchangani kama ng'ombe waliochoka. Wengi waliuawa hapo hapo ufukweni. Na hao, walimu, hawakuwa watu wa bara. Walikuwa wanamaji, wana wa wanamaji, na bado maji yaliwashinda hesabu. Wewe unayetoka Kitale utaponea wapi usipouliza?

Lamu, wakihofia kisasi, wakamwomba Seyyid Said wa Oman awalinde. Ndiyo asili ya ile ngome mtakayoiona katikati ya mji, iliyokamilika 1821 na kutumika kama jela mpaka 1984. Siku hizi ni makumbusho. Nje yake ndipo uwanja wa mji ulipo, na chini ya miti ile wazee hukaa jioni. Ukitaka kujua habari za mji, kaa pale kabla hujaingia kwenye jumba lolote.

Turudi kwenye hesabu ya maji, maana hii ndiyo itakayookoa likizo yenu. Mwezi ukiandama, na tena mwezi ukiwa mpevu, hapo ni bamvua, yaani maji makubwa. Maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na jioni, na hutoka kabisa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kutoka hupita mita 3. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamepinduka: saa nne asubuhi ndipo yamejaa. Lakini hayo sasa ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana.

Hilo linakuhusu nini wewe? Linakuhusu hivi. Tuseme kikundi chenu kinataka kwenda Takwa, yale magofu yaliyo kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Shela. Takwa ulikuwa mji wenye msikiti na kaburi la nguzo, watu wakauhama karne ya 17 wakavuka kuja kuanzisha maisha Shela, na mpaka leo watu wa Shela hurudi kule kuomba dua. Pa kuona, bila shaka. Lakini njia ya chombo inapita ndani ya mikoko, kwenye mkono mwembamba wa bahari. Mkipanga kwa saa ya mkononi, mkasema tunywe chai, tuondoke saa tatu, turudi kula, na siku hiyo ni bamvua, mtafika mlangoni mwa mikoko maji yakiwa yanakimbia kutoka. Mtakwama kwenye tope. Si tope la kuchekesha. Ni tope la magoti, lina chaza wenye makali, na mtakaa hapo kwa muda wa saa nne au tano mkingoja maji yarudi, juu ya vichwa vyenu jua la Desemba. Nahodha wa kweli atakataa kuwapeleka saa hiyo. Msimwone mvivu. Mwone mtu anayewapenda.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa nahodha si bei. Swali la kwanza ni: maji yanajaa saa ngapi? Halafu ndipo bei, na bei iulizwe yote, hadi mwisho. Ni ya chombo kizima au ya kichwa? Ni kwenda tu au kwenda na kurudi? Chombo kina mashine au ni tanga tupu? Mafuta yamo? Chakula kimo? Jaketi za kuokolea zinawatosha wote? Ugomvi mwingi kati ya wageni na watu wa mashua haukutokana na wizi. Umetokana na mmoja kusikia "ya chombo" na mwingine kumaanisha "ya kichwa".

Kuhusu tanga: Desemba upepo ni wa kaskazi, na utavuma hivyo mpaka kama Machi. Kwenda na upepo ni raha tupu. Kurudi dhidi yake ni kupiga bisho, huku na huku, na safari ya nusu saa inakuwa ya saa mbili. Kama siku hiyo mna ndege ya kuwahi, msipande chombo cha tanga. Kusi inapovuma, hasa Juni mpaka Agosti, bahari ya nje huchafuka, na mvua za masika kabla yake hufanya baadhi ya nyumba za wageni zifunge kabisa. Bei za miezi hiyo ni nafuu, sisemi uongo. Unafuu una sababu yake.

Na kuogelea? Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3, dakika 40 kwa miguu kufuata pwani. Maji yakijaa, sehemu za njia hiyo humezwa, utapita ndani au utalowa. Mbele ya kijiji cha Shela ni mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda, na maji yakitoka hapo hukokota. Msiwaache vijana wenu waogelee pale wakidhani ni bwawa. Pita kijiji, zunguka kona, utaukuta ufuko wenyewe: kama kilomita 12 za mchanga na matuta, hakuna kibanda, hakuna kivuli, hakuna mlinzi wa waogeleaji. Nenda asubuhi, beba maji ya kunywa, rudi kabla jua halijawa kali. Na matuta yale msiyachezee kwa kuyaporomosha: maji matamu ya mji yanatoka kwenye visima vilivyo chini yake. Mvua huchujwa na mchanga, ikakaa juu ya maji ya chumvi. Matuta yakiondoka, visima vinaingia chumvi.

Mmechoka? Bado hatujaingia mjini.

Tuingie basi. Lamu ni mji wa miguu. Vichochoro vyake vimejengwa kwa upana wa punda mwenye mizigo miwili, na pengine hata huyo hupita kwa kujibana. Magari ni ya kuhesabu kwa vidole, na hayaingii ndani. Pikipiki, kwa bahati mbaya, zimeanza kusumbua pembezoni, na hilo wenyeji wenyewe wanalilalamikia. Ndani kabisa bado mwenye barabara ni punda. Ukisikia mtu nyuma yako anaita "simile!", hakusalimu. Anakwambia punda anakuja na mawe ya matumbawe, au saruji, au magunia, na hana breki. Usigeuke kutazama, usitoe simu kupiga picha. Ingia kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni mwa nyumba iliyo karibu, egemea ukuta, mpishe. Na angalia chini: punda ni mnyama, si baiskeli, na mifereji ya mji iko wazi.

Mfereji huo huo, hata hivyo, ndio ramani yako. Mji umeinuka kidogo kutoka pwani, kwa hiyo maji ya mifereji hushuka baharini. Umepotea Mkomani, mtaa wa zamani wa nyumba za mawe, vichochoro vyote vinafanana, simu inakuonyesha umesimama juu ya paa la mtu? Tazama maji ya mfereji yanaelekea wapi, yafuate. Utakutana kwanza na njia kuu ya maduka, inayokwenda sambamba na pwani, kisha utatokea pwani yenyewe. Hupotei Lamu. Unachelewa tu.

Na ukiuliza njia, uliza kwa salamu. Wenyeji wanasema Kiamu, Kiswahili cha Lamu, na Kiamu kina ladha yake: njia ni ndia, macho ni mato. Mama mmoja mlangoni akikwambia "ndoo", usiende kutafuta ya maji. Anakwambia njoo.

Nyumba zenyewe nizieleze kwa makini, maana watu hupita mbele yake wakipiga picha mlango tu, kisha wanaondoka. Mlango ni mzuri, ndiyo, nakshi zake mnazijua. Lakini siri ya nyumba ya Lamu iko juu, kwenye dari. Dari linabebwa na boriti, yaani miti ya mikoko, na juu yake linakaa tabaka zito la mawe na chokaa. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito huo ikiwa ndefu, hupinda. Kwa hiyo chumba hakipati upana wa zaidi ya mita 3 hivi. Urefu? Urefu utakavyo. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Walimu wa hesabu, hapo mna somo zima la kuwafundisha watoto bila kitabu.

Ukiingia, unaanza na daka nje, penye viti vya mawe pande mbili, mahali pa mgeni asiyejulikana. Kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia inakata kona, ili anayepita nje asione ndani. Kisha kiwanda, uwanja wazi unaoleta hewa na mwanga. Kisha msana, sebule ndefu inayotazama uwanja huo. Kisha ndani kabisa, na huko ndiko kwenye ukuta wa zidaka: safu za vishubaka vya chokaa vilivyochongwa, ambamo ziliwekwa sahani za Kichina na vitu vya thamani vya mwenye nyumba. Tazameni zilivyopangwa. Kila unavyoingia ndani zaidi, ndivyo unavyoaminiwa zaidi. Mahali pa kuyaona haya bila kubisha kwa mtu ni ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho. Mkitoka hapo, jumba kuu la makumbusho la pwani lina siwa mbili, yaani baragumu kubwa za heshima, ya pembe kutoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe. Zilipigwa kwenye mambo makubwa, kama harusi za waungwana. Simameni mbele yake angalau dakika 10. Watu humpa kobe wa plastiki dukani muda mrefu kuliko huo.

Mtaona pia kuta zinazobanduka, na mtauliza mbona hawatengenezi. Mara nyingi zimetengenezwa, na hiyo ndiyo shida. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Chokaa huupitisha, saruji huuzuia. Mtu akipaka saruji juu ya matumbawe, unyevu na chumvi hukaa ndani, lipu huvimba, na baada ya muda linaanguka vipande vipande pamoja na jiwe lenyewe. Ukuta wa zamani wa chokaa unabaki, wa juzi wa saruji unaanguka.

Jambo la tatu ni adhana. Na hapa nawaomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi huudhi bila kujua.

Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwepo Lamu sharifu mmoja kijana aliyetoka Visiwa vya Ngazija, Habib Swaleh. Wakati huo elimu ya dini ilikuwa mikononi mwa wakubwa wa mji. Yeye akaenda kukaa na wanyonge, upande wa Langoni, akawasomesha watumwa wa jana na watoto wao. Na katika Maulidi akaruhusu matari yapigwe. Wakubwa wakachukia. Matari? Katika sifa za Mtume? Lakini watu walikuja, wakazidi kuja, na Msikiti wa Riyadha ukawa chuo kinachofuatwa na watu kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki. Leo Maulidi ya Lamu, katika Mfungo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, ndiyo siku kuu ya mji. Jambo lile lile lililoitwa utovu wa adabu ndilo lililoufanya mji ujulikane.

Mfungo Sita uko lini? Kalenda hii inafuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka unarudi nyuma siku kama 11. Ukitaka Maulidi, tafuta chumba miezi kadhaa kabla. Ukitaka mashindano ya majahazi, mbio za punda na ngoma, kuna tamasha la utamaduni ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba. Ukienda Ramadhani, ujue mchana mikahawa mingi imefungwa, na usile wala kuvuta sigara njiani. Lakini baada ya magharibi mji mzima unatoka nje, na huo usiku haufanani na mwingine. Ijumaa adhuhuri maduka yanafungwa. Nunua mapema au subiri.

Mavazi: vazi la kuogelea linaishia ufukweni. Mjini akina mama wafunike mabega na magoti, na akina baba vilevile, hata nyinyi mnaocheka. Kanga mbili kwenye mkoba zinatatua kila kitu. Msikitini haingii mtu bila kuruhusiwa na bila kuvua viatu. Mwanamke wa buibui hapigwi picha kama mnara. Ombeni, na mkikataliwa semeni ahsante. Pombe mjini ni adimu, huuzwa katika baadhi ya hoteli tu. Anayeihitaji kila jioni atafute likizo nyingine, bila kinyongo.

Chakula nakipitia haraka, kitajieleza chenyewe. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, na muulize samaki aliingia lini kabla hujauliza bei. Mkipata mkate wa mofa, wa mtama au mawele, uliookwa kwenye tanuri la udongo, msiuache upoe; ukipoa unakuwa mgumu. Jioni muuza kahawa atapita na dele lake, makaa chini, akigonganisha vikombe. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, kikombe ni cha mafunda matatu. Usimwombe maziwa.

Sasa njia. Kwa ndege unatua Manda, kisha mashua kama dakika 10 mpaka 15 hadi mjini. Ndege ndogo mara nyingi zinakubali kilo 15 tu, kwa hiyo mkoba laini. Sanduku la magurudumu ni adhabu: halivingiriki kwenye ngazi za gati zenye utelezi wala kwenye vichochoro vya mawe, utalibeba kichwani. Kwa basi unatoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, zaidi ya kilomita 300, kisha mashua kama nusu saa. Safirini mchana, kila mtu na kitambulisho chake mkononi, si chini ya begi, kwa sababu vizuizi vya polisi ni vingi, na fuateni hali ya usalama kabla ya kukata tiketi. Mashine za kutolea pesa ni chache na huishiwa. Bora M-Pesa na noti ndogo ndogo za mashua. Kuna malaria, lala ndani ya chandarua.

Siku ngapi? Msiende kwa usiku mbili. Siku ya kwanza mnafika mmechoka, ya pili mnaanza kuujua mji, ya tatu mnaondoka. Usiku nne ndizo za chini. Moja ya mji, moja ya kungoja maji ya Takwa, moja ya Shela, na moja ya Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, kama mwendo wa saa mbili kwa miguu ukivuka kisiwa. Kule mtamkuta fundi anapachika mbao bila mchoro wowote wa karatasi, na katikati ya mbao anashindilia pamba yenye mafuta ili maji yasipite.

Kamati ikipanga tarehe, basi, isianze na kalenda ya ofisi. Ianze na mwezi uko wapi. Sasa naona mkono wa mwalimu pale nyuma, na wa mama aliye karibu na mlango. Tuanze na mama.